Kompyuta Inayoingoja Kwaya

Kibondo, 14 Januari 2024

Mwanangu Divine,

Pokea salamu za nyumba hii yote, kuanzia mimi mpaka kuku. Mwaka mpya tumeuingia salama, mvua haikutunyima, na maharage ya kwanza tumeshayaanika. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, nami nimeacha kulisikiliza.

Barua hii anakuletea Khamisi, yule mfanyabiashara wa vitenge mwenye duka huko Kasulu na jingine hapa. Najua utasema mama mkubwa si apige simu tu. Nimepiga. Hapa kwetu mtandao mpaka upande kichuguuni, na ukishapanda maneno yanakatika, na mambo ya kompyuta hayataki maneno nusu. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Mimi naamini kilichoandikwa.

Kwanza asante. Sijapata kukushukuru vizuri kwa jinsi ulivyosimama nasi mwaka jana siku ya kuganduka, tulipoondoa msiba wa baba yako mkubwa Sylvesta. Ulipika, ulideki, ulibeba watoto wa watu ambao hata hukuwajua. Baba yako Ndayikeza aligawa vitu vya marehemu kaka yake kwa haki, kila mtu akaondoka na kitu mkononi, nami nikaachiwa kompyuta. Nilishukuru siku ile na bado nashukuru.

Sasa kompyuta yenyewe. Ni ile ndogo, yenye ile Linux aliyoipenda kuliko chakula. Nikibonyeza iwake naanza rozari. Nasali Baba Yetu, Salamu Maria kumi zote, na Atukuzwe, ndipo kioo kinafunguka. Kumi zima, Divine! Mwanzoni nilidhani nayo imefiwa kama mimi, nikaihurumia. Sasa naona ni uvivu.

Ningevumilia kama si jubilei. Kigango chetu kinatimiza miaka ishirini na mitano, sherehe ni Jumapili tarehe 20 Oktoba. Kwaya wanataka kuimba wimbo wake wa mwisho, ule wa kuagana, aliowafundisha watu wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa. Maneno ninayo kwenye daftari lake. Tuni sina, na hapa hakuna anayeijua. Waliouimba wamerudi Burundi au wamehamishwa, na mwenyewe yuko kaburini. Lakini alikuwa akirekodi kila zoezi. Sauti hiyo lazima iko mahali humo ndani, ila nimeitafuta sijaiona. Nadhani mashine imeshiba sauti mpaka inashindwa kuamka.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Nisaidie nimsikie mume wangu kabla ya Oktoba.

Mama yako mkubwa,
Theodosia


Kasulu, 30 Januari 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Barua yako nimeisomea palepale dukani kwa Khamisi nikiwa nimesimama, mpaka akanionea huruma akanipa kigoda. Huku sote wazima. Baba yuko Nyakitonto kwenye mihogo yake, anakusalimu. Mimi chuo nimemaliza, sasa niko kwenye stesheneri karibu na stendi. Mbele natoa kopi na kuchapa barua za watu, nyuma nafufua laptop zilizokata tamaa.

Usinishukuru kwa ya kuganduka. Nani alinilea kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba? Nani alinichongea penseli kwa kisu cha jikoni? Ile nyumba ni yangu pia, na nikifanya kazi kwangu sisubiri asante.

Kompyuta haijashiba, mama mkubwa. Mashine ikiwaka huwa inaamsha kazi nyingi ndogondogo, kama mama anayeamsha watoto wa shule. Mmoja akigoma kuvaa viatu, wote wanachelewa. Tunataka kumjua huyo mmoja. Iwashe, iache itulie, fungua lile dirisha jeusi alilokuwa akiandikia amri, kisha andika hivi bila kuacha kistari:

systemd-analyze blame

Bonyeza Enter. Itakuja orodha, na juu kabisa watakuwa waliotumia muda mrefu. Ninakilie wa juu pamoja na muda wao. Halafu andika neno la kwanza peke yake, systemd-analyze, uninakilie jumla inayotoa.

Pasaka nakuja, nitaikagua kwa macho yangu. Ninamkumbuka baba mkubwa kila nikiona dirisha jeusi.

Mwanao,
Divine


Kibondo, 18 Februari 2024

Mwanangu Divine,

Kwaresima imetukuta tukiwa na afya. Nimefunga chai ya sukari, na tayari namwonea kila mtu hasira. Asante kwa barua safi, yenye mwandiko unaosomeka. Nilikufundisha vizuri.

Hiyo amri nimeiandika. Kiingereza changu cha shule kinaniambia lile neno la pili ni lawama. Sikujua kwamba na kompyuta hukaa kikao cha ukoo! Wa kwanza kulaumiwa ni NetworkManager-wait-online, sekunde sitini. Wa pili cups, sekunde ishirini na mbili. Wa tatu bluetooth, kumi na moja. Wengine ni wadogowadogo, nimekuandikia kwenye karatasi ya nyuma.

Huyo wa kwanza nimemwelewa bila kuambiwa. Anangoja mtandao! Anangoja kitu ambacho hakijawahi kuingia ndani ya nyumba hii. Ni Sylvesta mtupu. Unakumbuka alivyokuwa? Zoezi la kwaya ni saa tisa, watu wamekaa, jua linakwenda, yeye yuko na daftari mapajani, ukimwuliza anasema, "Hatuanzi mtu akiwa njiani." Nilikuwa nagombana naye mpaka nachoka. Sasa naona kaifundisha na mashine.

Lakini mwalimu hadanganywi kwa hesabu. Jumla wameandika dakika tatu na sekunde hamsini na nne. Nimejumlisha wote waliolaumiwa, mkubwa na mdogo, hawafiki hata dakika mbili na nusu. Kuna dakika moja na nusu ambayo hakuna aliyeikiri. Nani kaichukua?

Wako,
Theodosia


Kasulu, 5 Machi 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Nimecheka na barua yako mpaka mteja akaniuliza kama ni ya mchumba. Huku mvua ni nyingi, barabara ya kwenda sokoni imekuwa mto, lakini hatujambo.

Umenishinda kwa hesabu. Kweli dakika moja na nusu haina mwenyewe. Orodha ile inawataja waliofika wakiwa wamechelewa. Ambaye hakufika kabisa haimtaji.

Tuanze na waliotajwa. Huyo cups ni wa printa, mwondoe, printa uliigawa. Wa bluetooth hali kadhalika. Na huyo wa kungoja mtandao apumzike. Andika mistari hii mmoja mmoja, kila mara itakuomba nywila:

sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service
sudo systemctl disable cups.service
sudo systemctl disable bluetooth.service

Zima, uwashe tena. Ile picha ya kuwaka ikitokea, bonyeza kitufe cha Esc kule pembeni juu kushoto. Picha itaondoka, yatabaki maneno. Utaona mstari mmoja umesimama huku saa inahesabu. Ninakilie mstari huo wote, neno kwa neno. Humo ndimo alimo mwizi wetu.

Divine


Kibondo, 24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mwanangu Divine,

Hosana! Nimetoka kanisani sasa hivi na tawi langu, sijala hata kiazi, nakuandikia wewe kwanza. Nilibonyeza, nikaanza Baba Yetu, na kufika Salamu Maria ya sita kioo kimefunguka. Ya sita! Mungu akubariki, akubarikie na hivyo vidole. Khamisi anakuletea galoni la asali, ni ya nyuki wa porini huku Kibondo. Usimpe mtu kabla hujajipakulia.

Esc nimebonyeza kama ulivyosema. Maneno meupe yalikimbia kama siafu, kisha wote wakaondoka akabaki mmoja, na vinyota vyekundu vinamchezea mbele. Anahesabu sekunde mpaka dakika moja na nusu, ndiyo ile dakika iliyopotea. Mwisho wa mstari kaandika hivi, nimekagua mara tatu:

/dev/disk/by-label/KWAYA

Divine, ni kwaya! Mashine inaingoja kwaya. Kila asubuhi ninavyosali pale mezani kumbe tunangoja wote wawili, mimi kioo, yeye kwaya. Ni kitu gani hicho, na kiko wapi? Maana kama kinaitwa hivyo, basi sauti zake zimo humo.

Hutaniandikia, utaniambia kwa mdomo. Pasaka ni Jumapili ijayo na jogoo nimeshamtenga.

Mama yako mkubwa mwenye furaha,
Theodosia


Kibondo, 12 Mei 2024

Divine,

Hujambo. Sisi hatujambo. Jogoo bado anatembea.

Pasaka hukuja, na barua hukuleta. Nilimwuliza Khamisi kama ile ya Matawi ilikufikia. Akasema alikupa mkononi, ukaisoma, ukaikunja, ukaomba maji ya kunywa. Asali ulisahau kuichukua, alikukimbiza nayo mpaka kwa wauza nyanya.

Nimekumbuka kitu. Sylvesta alikuwa na kiboksi cheusi chenye waya mfupi, hawashi kompyuta kabla hajakichomeka. Alikuwa akisema sauti zetu zinalala humo. Tangu kuganduka sijakiona. Baba yako alipita hapa akielekea Kakonko, nikamwuliza. Akasema anakikumbuka, alidhani ni kile cha kuchajia simu umeme ukikatika, akampa mmoja wa vijana. Nikamwuliza nani. Akanitajia.

Jina siliandiki hapa, maana barua hupita mikono mingi. Nakungoja.

Theodosia


Kasulu, 4 Juni 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Baba hajambo, mimi mwili haujambo. Barua hii nimeianza mara nne, na hii ya tano naipeleka hata ikiwa mbaya.

Kiboksi ninacho mimi.

Siku ya kuganduka baba alinipa akasema, "Wewe una simu, chukua hiki cha kuchajia." Niliona palepale kwamba si cha kuchajia. Ni diski, ni mahali pa kuhifadhia mambo. Sikusema. Nilikuwa naihitaji chuoni, nikajiambia aliyegawa ni mkubwa, mimi ni nani wa kumsahihisha mbele ya wazee. Huo ndio uongo niliojipa.

Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya chuo, yenye Windows, ikaandika kwamba diski haisomeki na inabidi isafishwe ndipo itumike. Nikadhani ni tupu. Windows haisomi diski zilizoandaliwa kwa Linux, mama mkubwa. Hilo nilifundishwa miezi mitatu baadaye, nimekaa dawati la mbele, na hata siku hiyo sikukumbuka. Nilibonyeza ndiyo. Ilichukua sekunde nane. Kisha nikajaza masomo yangu, na masomo yalipokwisha nikajaza tamthilia za Kituruki. Juu ya sauti ya baba mkubwa niliweka Waturuki wanaolia.

Ulipoandika KWAYA ndipo nilipojua. Nilisimama pale dukani kwa Khamisi nikaikunja barua, nikaomba maji. Hata ukiichomeka leo, mashine yako haitaitambua, kwa sababu jina lake nililifuta pamoja na yote. Inangoja kitu ambacho nilikiua mimi. Na wewe ulikuwa unaniita fundi wa ukoo, unaniletea asali. Sijaionja. Iko juu ya kabati, nashindwa kuiangalia.

Sasa nisikilize. Kusafisha kwa haraka hakuondoi kila kitu. Kunaondoa orodha ya yaliyomo, yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Tangu Machi sijaweka hata herufi moja kwenye diski ile. Nimepata programu ya kuchimbua, na kila nikimaliza kazi za watu nachimbua. Vinatoka vipande visivyo na majina, vingine sekunde tatu, vingine mkwaruzo mtupu kama mchanga. Siahidi kitu. Sina haki ya kuahidi.

Kompyuta yako unaweza kuiponya leo. Andika sudo nano /etc/fstab, utaona mstari wenye neno KWAYA. Mashine haingoji hivyo yenyewe, lazima mtu aiagize. Ni baba mkubwa aliyeandika pale kwamba kioo kisifunguke mpaka diski ya kwaya ifike. Weka alama hii # mwanzoni mwa mstari huo, mwingine usiuguse, hifadhi. Haitangoja tena.

Nisamehe. Ukiona huwezi, nitaelewa.

Divine


Kibondo, 23 Juni 2024

Mwanangu Divine,

Bado ni mwanangu, tulimalize hilo kwanza ndipo tusalimiane. Hapa sote wazima. Kiangazi kimeingia, vumbi liko mpaka kwenye uji.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nimekasirika, na nakwambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa Khamisi. Siku niliyoisoma nilikwenda bondeni nikalima matuta manne bila kupumzika, goti na yote. Kwenye tuta la nne nikalia, nikarudi nyumbani.

Hasira yangu si ya kubonyeza. Kubonyeza ni bahati mbaya, na sisi wakubwa tulianza kukosea. Tulikaa mkekani na busara zetu tukagawa mashine huku na sauti zake kule, mmoja kapewa jembe na mwingine mpini, tukapiga makofi tukasema tumetenda haki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiki ni cha nini. Hasira yangu ni kwamba wewe uliona, ukanyamaza. Ukanyamaza tena toka Matawi mpaka Juni, na mimi nikawa naongea na jogoo.

Baba yako alikutaja tangu Aprili. Ningeweza kukuuliza. Nilitaka lije kwa miguu yake lenyewe, na limekuja. Kwa hilo nakushukuru, na silisemi kwa adabu, nalisema kwa sababu nililala vizuri siku ile kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Diski inaweza kufa. Wewe nisingeweza kukuzika mara mbili, kwanza kwa uongo halafu kwa kununa.

Asali kula. Haina kosa.

Faili nimefungua. Mstari nimeuona, nimeutambua hata uandishi wake, ameweka nafasi nyingi kati ya neno na neno kama alivyokuwa akifanya kwenye daftari. Ile alama sikuiweka. Nilinyoosha kidole, mkono ukakataa. Mtu ambaye hakuanza wimbo hata mmoja bila wote kufika, halafu mimi mkewe nikaandike kwamba wasingojwe? Hapana. Bora nisali Salamu Maria sita mpaka nife.

Hakuna njia ya katikati? Wewe umesoma.

Theodosia


Kasulu, 9 Septemba 2024

Shikamoo mama mkubwa,

Hatujambo kabisa. Asali nimeila, galoni limebaki nusu, na nimempa baba kijiko kimoja tu.

Njia ya katikati ipo. Fungua faili lile. Kwenye mstari wake lazima kuna neno nofail, bila hilo mashine isingewaka kabisa. Mara baada yake weka koma, na bila kuacha nafasi andika hivi:

x-systemd.device-timeout=5s

Mstari wake utabaki palepale. Mashine itaingoja kwaya sekunde tano, kwa heshima, kisha itaendelea na kazi zake. Na diski ikifika siku yoyote, itafunguliwa mlango.

Diski yenyewe anayo Khamisi, ameifunga ndani ya kitenge na ameapa hataiweka chini mpaka Kibondo. Vipande vyote vya sauti nilivyovipata nilivihamisha kwanza. Kisha niliiandaa upya kwa Linux, nikaipa jina lake la zamani, KWAYA, ndipo nikavirudisha. Vimetoka vipande sitini na vitatu. Vingi vimekatwa mwanzo au mwisho. Majina yamepotea, vina namba tu. Nilisikiliza vitano vya kwanza, alipokohoa kama anavyokohoa kabla ya kutoa sauti ya kwanza nikashindwa kuendelea. Kwa hiyo sijui kama wimbo wa kuagana umo. Wewe ndiye utakayevipa majina.

Asante kwa kunizaa tena. Jubilei sitaweza kuja, Oktoba wanafunzi wote wa mji huu wanataka kopi.

Mwanao,
Divine


Kibondo, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Divine,

Mvua imerudi, mahindi yako chini ya udongo, na goti langu limecheza ngoma wiki nzima bila kuniomba ruhusa. Ninakuandikia kutoka meza ileile.

Ile koma niliiweka kama ulivyosema, mashine ikawaka kwa Salamu Maria mbili na nusu. Kisha Khamisi akaja na kitenge chake, nikachomeka kiboksi. Nikabonyeza. Nilikodoa macho nione vile vinyota vyekundu, sikuviona. Haikungoja kitu. Ilichokuwa ikikingoja kilikuwa kimefika. Tangu siku hiyo rozari nasalia kitandani kama Wakristo wengine, na Mama Bikira Maria nadhani anashangaa kunisikia sina haraka.

Vipande nimevisikiliza vyote sitini na vitatu, kwa siku tisa. Arobaini nimevipa majina. Vingine ni mvua juu ya mabati, sijavifuta, nayo ni mvua ya siku zile. Wimbo wa kuagana ni namba hamsini na nane. Ubeti wa kwanza upo, kiitikio kipo, ubeti wa pili unaanza na katikati ya neno unakatika. Nililia, kisha nikaacha kulia nikafikiri kama mwalimu. Wimbo ukishaujua ubeti mmoja umeujua wote, na maneno ya beti zilizobaki ninayo kwenye daftari.

Kwaya wamejifunza kwa wiki nne. Nilikaa mbele yao na kompyuta mapajani, naicheza, wanaitikia. Jumapili iliyopita kanisa lilijaa mpaka nje. Walipofika kwenye lile neno ambapo yeye hukatika, niliinamisha kichwa, nikajua sasa kutakuwa kimya. Hakukuwa kimya. Waliendelea bila yeye mpaka ubeti wa mwisho. Divine, sijui kama kuna shukrani inayotosha kwa jambo hilo. Nimetafuta kwa Kiswahili nikakosa, basi pokea ya nyumbani: urakoze, mwana wanje. Urakoze cane.

Kuna kipande kimoja sijakipa jina, namba thelathini na moja. Hakuna wimbo ndani yake. Ni watu wanakaa kwenye mabenchi, mtoto wa mtu analia, na mwanamke mmoja, nadhani ni mimi, anasema jua linazama na mboga haijachumwa. Kisha yeye anakohoa kidogo, anasema, "Hatuanzi. Divine yuko njiani."

Hapo kinakatika. Nimekirudia mara nyingi, na kila mara kinakatika palepale, wimbo haujaanza.

Jogoo bado anatembea. Krismasi njoo, mwanangu, tumekungoja vya kutosha.

Mama yako mkubwa,
Theodosia